Jina la Shujaa na Kazi Yake



Baada ya mazoezi ya kwaya juma lililopita, vijana wetu walibaki ukumbini wakibishana juu ya filamu iitwayo Man of Steel, iliyotoka mwaka 2013. Mwishoni mwa filamu hiyo, Superman anamvunja shingo adui yake, Zod. Baadhi yao walisema, "Huyo siye Superman tunayemjua, kwani hauawi mtu kwa mkono wake." Wengine wakajibu kwamba alikuwa akiokoa familia iliyokuwa karibu kuteketezwa. Kisha wakanigeukia mimi.

Superman alibuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, akatokea kwa wasomaji mwaka 1938. Tangu hapo amesimuliwa na watu wengi. Kwa kipimo gani, basi, tutasema kwamba msimulizi amemsaliti?

Swali hilo ni la zamani kuliko sinema, nasi watu wa Handeni na Korogwe tunaweza kulijibu kwa shujaa aliyepita katika nchi yetu hii. Mbega alikuwa mwindaji kutoka Unguu. Alikuwa kigego, aliyeanza kuota meno ya juu, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, huko mwana wa mkubwa wa mji akafa katika msako wa nguruwe aliokwenda pamoja naye. Mbega akakimbia tena, hata akafika milima ya Usambara, na huko Vugha akafanywa mfalme, Simba Mwene.

Wasimulizi wake hawafanani. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na watawala wa Kikilindi, aliandika Habari za Wakilindi, na humo Mbega ni mtu mwenye busara na ukarimu. Mwanahistoria Steven Feierman aliwasikiliza wazee wa Kishambaa, na katika kitabu chake cha mwaka 1974 tunakutana na mtu wa porini, wa kuogopwa, ambaye taratibu anageuka kuwa mfalme. Lakini kwa wote wawili jambo moja halibadiliki: Mbega anaua nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba, na nyama anawagawia watu. Mkulima yeyote wa Kwaluguru aliyewahi kukesha akilinda mahindi yake anaelewa kwa nini watu walimpenda.

Waliomsaliti Mbega hawakuwa wasimulizi. Baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, Wakilindi walipigana wao kwa wao, na watu waliopaswa kulindwa wakatekwa na kuuzwa pwani. Wabondei wakawaasi katika vita vilivyoitwa Kiva. Jina la ukoo lilikuwa lile lile, na sifa za Mbega zilikuwa zikisimuliwa bado. Ila yule aliyeleta nyama sasa alikuwa na wajukuu wanaochukua watoto wa watu.

Basi niliwajibu vijana hivi. Kifo cha Zod peke yake hakinitoshi kusema kwamba shujaa amepotoshwa. Baada ya tendo lile anapiga ukelele wa uchungu, na uchungu huo ni wake kweli. Kinachonisumbua ni mji mzima unaobomoka wakati wawili hao wakipigana, huku filamu ikiwatazama kwa nadra mno waliokuwamo majumbani. Mwindaji anayemfukuza nguruwe kwa kukanyaga shamba zima hajamsaidia mwenye shamba.

Siku moja huenda kijana wa huku akatengeneza filamu ya Mbega. Atavutwa na mikuki, mbwa wa kuwindia na simba. Namwomba asisahau mgao wa nyama, kwa maana pasipo huo atakuwa ametupa mwindaji hodari tu.

Nasi tuliopewa majina ya watakatifu wakati wa ubatizo tunapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu