Baiolojia ya Mwaka wa Kwanza: Historia ya Mchujo wa Madaktari Marekani

Mtanzania anayetaka kuwa daktari huchujwa mapema. Hupambana na PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano na cha sita, na matokeo yakitoka vizuri huingia chuo cha tiba moja kwa moja. Marekani utaratibu ni mwingine. Huko shule za udaktari hupokea, kwa kawaida, watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza, na mchujo hufanyika ndani ya shahada hiyo, kwenye masomo ya baiolojia, kemia na fizikia. Kila muhula wa kwanza kumbi za mihadhara hujaa mamia ya vijana waliotangaza tangu utotoni kwamba watakuwa madaktari. Karatasi za mtihani wa kwanza zikirudishwa, wengi waliokuwa vinara wa sekondari hukutana na alama ambazo hawajawahi kupata maishani. Kabla ya mwaka wa pili, wengi wameshahamia kozi nyingine.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba watu hulichukulia kama tabia ya somo lenyewe: baiolojia ni ngumu, wanaoiweza wanaiweza, wasioiweza watafute kingine. Historia haikubali. Mchujo huo ulijengwa na watu wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana, na baadhi ya sababu zao zilikuwa nzuri sana.

Charles William Eliot, mkemia wa miaka 35, alichaguliwa kuwa rais wa Harvard mwaka 1869. Wakati huo shida ya udaktari wa Marekani ilikuwa kwamba karibu kila mtu aliyeweza kulipa ada alipita. Katika shule nyingi maprofesa waligawana ada hizo wenyewe, hivyo kumfelisha mwanafunzi kulikuwa hasara mfukoni mwao. Masomo yalikuwa mihadhara ya miezi michache, na mwaka wa pili mwanafunzi alikaa kusikiliza mihadhara ileile. Pale Harvard mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo, mbele ya maprofesa tisa. Aliyewaridhisha watano alipewa shahada, hata kama hakujua lolote katika masomo manne yaliyobaki. Eliot alipopendekeza mitihani ya kuandika, daktari bingwa wa upasuaji Henry Bigelow alipinga kwa hoja ya kushangaza: zaidi ya nusu ya wanafunzi, alisema, kuandika kwenyewe kunawashinda. Eliot hakurudi nyuma. Kuanzia 1871 kozi ikawa ya miaka mitatu, ikaingizwa maabara, na mwanafunzi akatakiwa kufaulu masomo yote. Idadi ya wanafunzi ikaporomoka, kisha taratibu ikapanda tena.

Hata hivyo, baiolojia kama somo la maandalizi haikuzaliwa Harvard. Ilizaliwa Baltimore.

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa mwaka 1876, na profesa wake wa kwanza wa baiolojia alikuwa Henry Newell Martin, kijana wa miaka 28 kutoka Ireland. Martin alikuwa mwanafunzi na msaidizi wa Thomas Henry Huxley wa London, mtetezi mashuhuri wa Darwin, na mwaka mmoja kabla walikuwa wametoa pamoja kitabu cha mazoezi ya baiolojia ya awali. Ukikifungua kitabu hicho leo unaelewa mara moja walichokusudia. Mwanafunzi haanzi na orodha ya majina ya kukariri. Anaanza na hamira. Anaweka tone lake kwenye kioo, analiangalia kwa hadubini, anachora anachokiona: vijipira vidogo, vingine vikiwa vimechipuza ubavuni mwa vingine. Anatia rangi, anaangalia tena kilichojitokeza ndani. Kisha anaulizwa kama kitu hiki ni mmea au mnyama, na kwa ushahidi gani. Kutoka hapo anaendelea na amiba, kuvu, mmea wa maharage, kome wa maji baridi, kamba wa mtoni, na mwisho chura. Viumbe ni vichache, lakini kila kimoja kimepita machoni na mikononi mwake.

Wazo la Huxley na Martin lilikuwa kwamba atakayegusa mwili wa mgonjwa awe kwanza amejizoeza kuona kilichopo, badala ya kuona alichoambiwa. Hilo ni wazo safi, na msingi wake haujapingwa hadi leo.

Ilichukua miaka 17 zaidi kwa wazo hilo kuwa sharti la kuingia shule ya udaktari, na sharti lenyewe liliwekwa na wanawake. Hopkins ilikuwa na hospitali lakini haikuwa na fedha za kufungua shule ya tiba, kwa sababu hisa za kampuni ya reli zilizokuwa urithi wa chuo zilikuwa zimeporomoka thamani. Kamati ya wanawake ikachangisha, na mwanachama wake mmoja, Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli hiyohiyo, akatoa zaidi ya dola 300,000. Masharti yake yalikuwa mawili makubwa. Wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Na kila anayeingia awe na shahada ya kwanza, ajue Kifaransa na Kijerumani, na awe amesoma baiolojia, kemia na fizikia. Vigezo hivyo vya masomo alikuwa amevipendekeza kitambo William Welch, mkuu wa kwanza wa shule hiyo, na sasa mfadhili alivishikilia neno kwa neno. Profesa William Osler alimwambia Welch kwamba bahati yao ni kuingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepokelewa. Oktoba 1893 shule ilianza na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake.

Baltimore ikawa kipimo. Abraham Flexner, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari na sasa ametumwa na Wakfu wa Carnegie, alizitembelea shule za udaktari 155 za Marekani na Kanada, na ripoti yake ya mwaka 1910 ilizipima zote kwa mfano wa Hopkins. Aligundua kwamba ni 16 tu zilizodai miaka miwili au zaidi ya chuo kabla ya kuingia. Aliandika waziwazi juu ya shule zilizokuwa na maabara bila vifaa na vyumba vya kupasulia maiti vilivyonuka, na nyingi zikafungwa. Baiolojia, kemia na fizikia zikawa lango la nchi nzima.

Raia waliookolewa kutoka kwa matapeli walikuwa wengi, na sifa hiyo Flexner anastahili. Lakini bei ya mageuzi yale haikulipwa kwa usawa. Kati ya shule saba za udaktari za Wamarekani weusi, ripoti ilipendekeza mbili tu zibaki, Howard na Meharry; tano zilizobaki zilikuwa zimefungwa kufikia 1923. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba shule hizo tano zingeweza kutoa zaidi ya madaktari 35,000. Kuanzia hapo kijana mweusi alitakiwa kwanza afike chuo chenye maabara, katika nchi ambayo vyuo vingi vilimfungia mlango.

Shule zilipopata waombaji wengi kuliko nafasi, swali likawa nani achaguliwe. Katika miaka ya 1920 kuna shule zilizokuwa zikipoteza hadi nusu ya wanafunzi wao njiani. Mwaka 1928 mwanasaikolojia Fred Moss alitunga mtihani wa kupima uwezo wa waombaji, na kwa kupitia mageuzi kadhaa mtihani huo ndio uliozaa MCAT, unaofanywa hadi leo. Idadi ya walioacha ikashuka sana: kufikia 1946 wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Waliokuwa wakishindwa hawakutoweka, hata hivyo. Walishindwa mapema zaidi, wakiwa bado kwenye shahada ya kwanza, mahali ambapo hakuna shule ya udaktari iliyowahesabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo kozi ya Martin ilipogeuka sura kabisa. Sheria ya 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi vitani iliwajaza vyuoni mamilioni ya watu. Hadubini moja kwa mwanafunzi mmoja haikuwezekana tena katika ukumbi wa watu mia tano. Mtihani wa kuchagua jibu ulikuwa rahisi kusahihisha, hasa baada ya kampuni ya IBM kutoa mashine ya kusahihisha mwaka 1938. Wakati huohuo sayansi yenyewe ilikuwa ikifumuka. Muundo wa DNA ulitangazwa mwaka 1953, na nyuma yake zikaja protini, vimeng'enya, jeni na njia za seli kutengeneza nishati. Yote yaliingizwa kwenye kozi ya mwaka wa kwanza, na machache sana yakaondolewa. Kitabu cha Neil Campbell, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1987 na kutumiwa duniani kote, kina kurasa zaidi ya elfu moja. Mwanafunzi aliyekuwa akichora hamira sasa alikuwa akikariri majina.

Juu ya hapo ikaja desturi ya kugawa alama kwa nafasi: idadi fulani wapate A, idadi fulani wafeli, hata kama darasa zima limejitahidi. Kwa mpango huo, kumwelewesha jirani yako ni kujipunguzia alama. Katikati ya miaka ya 1970, watu zaidi ya 42,000 waliomba nafasi karibu 15,000 za udaktari kwa mwaka, na ushindani ukawa mkali kupita kiasi. Mwaka 1978 daktari na mwandishi Lewis Thomas aliandika katika jarida la tiba la New England kwamba maandalizi hayo yanaharibu elimu ya vyuo vyote, akataka shule za udaktari ziache kuwapendelea vijana wanaojitambulisha kwa lengo hilo peke yake.

Wakati Thomas akiandika hayo, jibu lilikuwa limeanza kutengenezwa New Orleans, katika chuo ambacho wengi hawakukijua.

Chuo cha Xavier cha Louisiana kilianzishwa na mtawa Katharine Drexel mwaka 1925 kwa ajili ya Wamarekani weusi. Mwalimu wa kemia J. W. Carmichael na wenzake wa baiolojia, hisabati na fizikia walikaa pamoja wakakubaliana kwamba kumchuja kijana aliyetoka sekondari duni hakumsaidii yeyote. Walipanga kozi za mwanzo upya, ili walimu wote wa somo moja wafundishe mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, kwa kitabu cha mazoezi walichoandika wenyewe. Mwaka 1977 walianzisha mafunzo ya likizo ya kiangazi yaliyoitwa SOAR. Humo wanafunzi walikaa wawili wawili: mmoja anatatua swali kwa sauti, anataja kila hatua anayoifikiria, mwenzake anasikiliza na kumsimamisha anaporuka hatua. Kisha wanabadilishana. Msamiati wa sayansi ulifundishwa kama kazi ya kila siku, kwa majaribio ya mara kwa mara. Mitihani ya kuingia shule za udaktari haikulegezwa kwa ajili yao, wala hawakuomba ilegezwe.

Tangu miaka ya 1990, chuo hiki chenye wanafunzi karibu 3,000 kimekuwa kwa miaka mingi cha kwanza Marekani kwa kupeleka vijana weusi katika shule za udaktari, kikivipita vyuo vikubwa vyenye fedha mara nyingi zaidi.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman wa Berkeley alichunguza kwa nini wanafunzi weusi wenye rekodi nzuri walikuwa wakifeli hisabati ya mwaka wa kwanza. Hakukuta uvivu. Alikuta kwamba walisoma kwa bidii wakiwa peke yao, wakati wenzao wa asili ya Kichina walikutana jioni, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Alipounda vikundi vya kutatua maswali magumu pamoja, tofauti ya matokeo ilipungua kwa kasi.

Baiolojia yenyewe ilipimwa vizuri zaidi Seattle. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Scott Freeman na wenzake waliligeuza darasa lao la mamia ya wanafunzi: maswali ya mazoezi kabla ya kipindi, maswali ndani ya kipindi, majaribio ya kila wiki. Mwaka 2011 walionyesha kwamba pengo kati ya wanafunzi wa familia zenye shida na wengine lilipungua kwa asilimia 45. Mwaka 2014 walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Panapohutubiwa tu, wanafunzi asilimia 33.8 walifeli, panapofanyishwa kazi darasani, asilimia 21.8.

Tukumbuke pia kwamba lawama zote si za baiolojia. Donald Barr wa Stanford alipowafuatilia wanafunzi waliopoteza hamu ya udaktari, katika utafiti wa 2008, kozi iliyotajwa zaidi ilikuwa kemia. Shule ya udaktari ya Mount Sinai ya New York nayo ilianza, mwaka 1987, kupokea wanafunzi wa fasihi, historia na lugha bila MCAT, bila fizikia na bila kemia ya kaboni. Tathmini ya 2010 iliwalinganisha 85 wa aina hiyo na wenzao 606, ikakuta wanakwenda sambamba. Lakini hata Mount Sinai iliwataka wawe wamesoma mwaka mmoja wa baiolojia.

Somo lenyewe, basi, lina haki ya kubaki, na lina haki ya kuwa zito. Kisichokuwa na haki ni kuhesabu wanaofeli kama ushahidi wa ubora, kwa sababu Xavier na Seattle wameonyesha kwamba idadi hiyo hubadilika mwalimu anapobadili anavyofundisha. Mzazi wa Nairobi, Dar es Salaam au Minneapolis anayepigiwa simu na mtoto aliyevunjika moyo baada ya mtihani wa kwanza asiharakishe kumwambia abadili kozi. Amuulize kwanza mambo mawili: anasoma na nani, na kwa wiki anajibu maswali mangapi bila kufungua daftari.