Shule bila kuta, ofisi bila kuta: historia yake

Kusomesha watoto wengi ndani ya chumba kimoja kikubwa si jambo jipya. Mwaka wa 1798 kijana mmoja, Joseph Lancaster, alifungua shule mtaa wa Southwark, London. Hakuwa na pesa za kulipa walimu. Basi mamia ya watoto walikaa ukumbi mmoja, na wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo. Mpango huo ulienea hadi Marekani, hasa kwa sababu ulikuwa wa bei rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1840, shule ya Quincy mjini Boston ikajengwa kwa vyumba 12, kila mwalimu na mlango wake.

Ofisi zilifuata njia nyingine. Miaka ya 1950 ikielekea mwisho, ndugu wawili Wajerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walitoa kuta na kutawanya meza katikati ya maua, ili karatasi na maongezi vipite kwa urahisi.

Kisha miaka ya 1960 na 1970, shule nyingi za Marekani na Uingereza nazo zikajengwa wazi. Nia ilikuwa nzuri: mtoto atembee, achague kazi yake. Lakini walimu wengi waliendelea kufundisha darasa zima kwa sauti, na sauti zikagongana. Wakaanza kusogeza makabati na mbao ziwe kuta. Baadaye kuta zenyewe zikarudi.

Mfanyakazi anaijua kazi yake tayari; akichoshwa na kelele, anaweza kutoka nje. (Hata yeye hafaidiki sana: utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban, wa mwaka wa 2018, ulionyesha kwamba kuta zilipoondolewa katika kampuni mbili, maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70.) Mtoto hana pa kutokea. Neno asilolijua, akikosa kulisikia vizuri, hawezi kulikisia, na zaidi kama ni la Kifaransa na nyumbani hakisemwi.

Familia zilizohama vita zinalijua jambo hili, pale ambapo madarasa mawili yanasomea kanisa moja au chini ya turubai moja. Pazia linazuia macho, halizuii sauti. Kinachosaidia ni walimu kupatana saa: hawa wakisoma kwa sauti, wale waandike.