Kitabu Kimoja, Wasomaji Arobaini

(Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima. Haya ni maneno yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili kikundi chako kiyasome tena polepole.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wa kikundi ana chaki mkononi.

Leo tutaanza na neno moja. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni: CHUO. Sote twajua kwamba chuo ni mahali pa kusomea. Lakini katika Kiswahili cha zamani, chuo kilikuwa kitabu chenyewe. Ndiyo sababu mtu mwenye elimu nyingi aliitwa mwanachuoni. Wazee wetu waliotumia neno moja kwa kitabu na kwa mahali pa kusomea hawakukosea. Chuo kisicho na vitabu ni nyumba tu.

Basi somo letu la leo ni hili: mwanafunzi wa chuo asiye na fedha apateje kitabu? Jambo hili lakuhusu wewe pia. Huenda una mtoto chuoni anayekuandikia kuomba fedha za vitabu. Huenda hata hapo ulipokaa, kitabu kimoja mnakisoma watu wawili.

Mimi nilipokuwa nikisomea diploma, tulikuwa saba tuliogawana nakala moja ya kitabu cha historia. Bei yake dukani ilizidi posho yangu ya mwezi mzima. Kila mtu alikuwa na zamu ya saa mbili, na zamu yangu ilikuwa alfajiri. Siku mbili kabla ya mtihani nilikifungua, nikakuta sura nzima imekatwa kwa wembe. Mmoja wetu aliogopa kukosa, akachukua zake. Nilikasirika sana. Baadaye nilisoma kwamba zamani palikuwa na wanafunzi waliotenganisha kurasa za vitabu kwa makusudi, lakini kwa faida ya wote. Hao ndio nitakaowasimulia.

Twende basi mpaka mji wa Bologna, katika nchi ya Italia, katika karne ya 13, yaani zaidi ya miaka 700 iliyopita. Hapo palikuwa na chuo kikuu mashuhuri cha sheria. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi za Ulaya. Huko mitambo ya kupiga chapa haikuwako bado. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, neno kwa neno, na mara nyingi juu ya ngozi ya mnyama iliyosafishwa na kunyoshwa. Kitabu kikubwa kilihitaji ngozi nyingi na kazi ya miezi. Kwa hiyo bei yake ilikuwa kama bei ya mali kubwa, si kama bei ya kitabu tunachokijua sisi.

Wanafunzi wale walifanya nini? Kwanza, waliungana. Katika Bologna wanafunzi wenyewe ndio waliounda chama. Chama hicho kilikuwa na nguvu hata juu ya walimu na juu ya wenye nyumba za kupanga. Mwenye mali akipandisha bei kupita kiasi, wanafunzi walitishia kuhama mji. Na si maneno matupu: mwaka 1222 wengi walihama kweli, wakaenda Padua, na chuo kikuu kipya kikaanza huko.

Pili, walipata mpango wa vipande. Kwa Kilatini kipande kiliitwa pecia. Mwenye duka la vitabu aliweka nakala moja iliyosahihishwa vizuri. Nakala ile haikushonwa pamoja. Iliachwa vipande vipande, na kwa kawaida kila kipande kilikuwa na kurasa nane. Mwanafunzi alikodi kipande cha kwanza, akakinakili au akamlipa mwandishi akinakili, kisha akakirudisha na kukodi cha pili. Aliendelea hivyo mpaka kitabu chote kikawa chake.

Tufanye hesabu kidogo. Mwalimu, andika ubaoni. Tuseme kitabu kina vipande 40, na kukinakili chote huchukua miezi sita. Kama kitabu kimeshonwa, mtu mmoja hukishika miezi sita yote, na wengine hungoja. Kwa mwaka hupatikana nakala mbili tu. Lakini kama kimegawanywa, mtu mmoja ana kipande cha kwanza, mwingine cha pili, mwingine cha tatu. Watu 40 waweza kufanya kazi wakati ule ule kutoka katika kitabu kimoja. Kitabu ni kile kile, ngozi ni zile zile. Kilichobadilika ni utaratibu tu.

Utaratibu huo ulikuwa na ulinzi wake. Mahali pa kwanza ni kipimo. Sokoni pishi ya mchele ni pishi, mwuzaji hawezi kuipunguza apendavyo. Katika Bologna kipande nacho kilipimwa: safu 16 za maandishi, kila safu mistari 62, kila mstari herufi 32. Kwa hiyo mwenye duka hakuweza kutoza bei ya kipande kizima kwa kipande pungufu. Tena chuo kilipanga bei ya kukodi. Mwaka 1304 Chuo Kikuu cha Paris, kilichofuata mpango huo huo, kilitoa orodha ya vitabu pamoja na bei ya kukodi kila kimoja. Na palikuwa na wakaguzi waliosoma vipande kutafuta makosa. Mwenye duka aliyekodisha nakala mbovu alitozwa faini.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mwenzangu mwenye wembe. Yeye alitenganisha kurasa ili asome peke yake. Wanafunzi wa Bologna walizitenganisha ili wote wasome.

Karibu na mwaka 1455, katika mji wa Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alimaliza kupiga chapa Biblia yake kwa herufi za madini. Sasa gharama ya kitabu ikageuka. Kazi ngumu ikawa ni nakala ya kwanza: kuandika, kusahihisha, kupanga herufi. Nakala ya pili na ya mia zikawa nyepesi. Bei zikashuka.

Kwa nini basi vitabu vya vyuo vingali ghali? Sababu ziko tatu. Ya kwanza, wanunuzi wake ni wachache. Gharama ya ile nakala ya kwanza ikigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja hulipa kidogo. Kitabu cha upasuaji hununuliwa na wachache, basi kila mmoja hubeba mzigo mzito. Ya pili, anayechagua kitabu siye anayelipa. Mwalimu husema, "Kanunueni hiki," na mwanafunzi hana la kujibu. Ya tatu, mchapishaji hutoa chapa mpya kila baada ya miaka michache, na kitabu cha kaka hakimfai tena mdogo wake. Huko Marekani, kuanzia mwaka 2006 hadi 2016, bei za vitabu vya vyuo zilipanda kwa asilimia 88. Katika miaka hiyo hiyo bei za vitu vyote kwa jumla zilipanda kwa asilimia 21 tu.

Watu wamejaribu dawa mbalimbali. Hapa kwetu, mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Pamoja na kuchapisha vitabu, ilipeleka vitabu vijijini katika masanduku, na kuviazima kwa njia ya posta. Hiyo ni akili ile ile ya Bologna: kitabu kimoja kipite mikono mingi. Kwa vitabu vya vyuo, Serikali ya Uingereza ilitoa fedha ili vipigwe chapa ya bei nafuu na kuuzwa Afrika na Asia. Mpango huo uliitwa English Language Book Society. Madaktari, mainjinia na walimu wengi walisoma kwa vitabu hivyo. Lakini katika miaka ya 1990 serikali ile iliacha kutoa fedha, na mpango ukafa. Msaada ni mzuri, lakini mwenye kuutoa ndiye mwenye kuukata.

Wengine walishika njia ya fotokopi. Katika Chuo Kikuu cha Delhi, nchini India, palikuwa na duka dogo lililonakili sura ambazo walimu walizichagua na kuwauzia wanafunzi zikiwa zimeshonwa pamoja. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa walilishtaki duka hilo. Walisema kwamba mwandishi na mchapishaji nao wana haki ya jasho lao. Maneno hayo si ya kupuuza, maana mwandishi naye ana watoto. Lakini hata Amartya Sen, mtaalamu maarufu wa uchumi ambaye naye huandika vitabu, aliwaomba waiache kesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya mafundisho, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi. Kumbukeni, hiyo ni sheria ya India. Kila nchi ina sheria yake.

Mwaka huo huo wa 2012, Chuo Kikuu cha Rice, katika jimbo la Texas, Marekani, kilianza mpango uitwao OpenStax. Huu ndio unaonifurahisha kuliko yote. Wataalamu huandika na kusahihisha kitabu, nao hulipwa kwa fedha za mifuko ya hisani. Kisha kitabu huwekwa kwenye intaneti, na yeyote hukisoma bure. Anayetaka cha karatasi hununua kwa bei ndogo. Vya kwanza vilikuwa vya fizikia na elimu ya jamii. Mzigo wa nakala ya kwanza hulipwa mara moja, na haumwangukii mwanafunzi.

Lakini tusidanganyane. Kitabu cha bure si kitabu kisicho na gharama. Yuko aliyelipa. Na asiye na simu wala umeme hakioni. Hata hivyo, historia yatufundisha jambo moja: bei ya kitabu si amri ya mbinguni. Imepangwa na watu, na watu wakikaa pamoja waweza kuipanga upya. Vijana wa Bologna hawakuwa na mitambo wala umeme. Walikuwa na chama, kipimo na utaratibu.

Mwalimu wa kikundi, sasa ongoza mazungumzo kwa maswali haya:

1. Kwa nini vipande vilisaidia watu wengi kuliko kitabu kilichoshonwa?
2. Nani alinde haki ya mwandishi, na nani alinde haki ya mwanafunzi?
3. Katika kikundi chenu mna vitabu vingapi, na mwaweza kuvigawana kwa utaratibu gani ili kila mmoja asome?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno tu. Wiki hii hesabuni vitabu vyenu, andikeni zamu, na ibandikeni ukutani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.