Kinyozi Hajinyoi: Historia Fupi ya Kujitengenezea Mjini Bujumbura

Wahenga walituachia methali isemayo, "Kinyozi hajinyoi." Sisi walimu huwafundisha wanafunzi wetu kwamba maana yake ni kuwa kila mtu, hata awe na ujuzi wa namna gani, humhitaji mwenziwe. Katika makala haya twapenda kuipima methali hiyo kwa historia ya mji wa Bujumbura, ambao wakazi wake walilazimika kwa takriban miaka miwili na nusu kujitengenezea karibu kila kitu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Fundi ni neno la asili ya Kibantu, na shina lake ndilo lililotupa funda, funza, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Hivyo fundi na mwalimu ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili kilifika Usumbura, kama mji ulivyoitwa hadi mwaka 1962, pamoja na wafanya biashara, wapagazi na askari, na neno hilo likaingia katika Kirundi: hadi leo Mrundi humwita mwashi umufundi. Mtaa wa Buyenzi, ambao njia zake huitwa kwa namba, ndio uliokuwa makao makuu ya Kiswahili mjini, na ndio uliopata sifa kwa gereji zake. Si ajabu basi kwamba lugha na ufundi vimekaa nyumba moja.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha kuanza tangu mwaka 1993. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Walikusudia kuwashurutisha watawala warejeshe bunge na vyama vya siasa, na wazungumze na wapinzani wao. Lakini nchi yetu haina bahari. Shehena zake zilitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli ziwani, au zilipita barabara ndefu ya kutoka Mombasa. Njia hizo zilipofungwa, petroli ikaadimika, vipuri vikawa haba, na magendo yakastawi. Waliouonja uchungu kwanza hawakuwa wakubwa, bali watu wa vipato vidogo. Mwezi Aprili 1997 vikwazo vililegezwa kwa vyakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo. Vilivyosalia havikusitishwa hadi tarehe 23 Januari 1999.

Katika siku hizo hapakutupwa kitu. Gari lililokufa lililisha magari mengine matatu. Mpira wa ndani wa baisikeli ulipotoboka, mwenyewe aliukwaruza kwa msasa, akakata kiraka katika mpira mkuukuu, akakitia gundi, akaubana chini ya jiwe. Tairi zilizokwisha zilikatwa viatu, na makopo ya maziwa yakawa vibatari. Mawe ya redio, yaani betri, yalianikwa juani ili yapate nguvu. Joto huchochea kidogo kemikali zilizobaki ndani, wala haliongezi umeme mpya. Lakini nguvu hiyo ya muda mfupi ilitosha kusikiliza taarifa ya habari, na katika mji wenye amri ya kutotembea usiku, habari ilikuwa na thamani ya chakula.

Wakati huo tulikuwa kijana wa shule, tukikaa Gasenyi, mtaa wa kaskazini mwa mji ambako Ikulu iliyojengwa kwa msaada wa China ilikabidhiwa mwaka 2019. Siku moja, kwa kukosa fedha ya kinyozi, tulishika mkasi na kipande cha kioo tukajinyoa wenyewe. Upande wa mbele haukuwa mbaya. Kisogo kilitoka kama shamba lililoliwa na mbuzi. Kaka yetu alicheka hadi machozi, kisha akachukua wembe akasawazisha kichwa chote kikawa upara. Jumapili iliyofuata tulimnyoa yeye. Baada ya wiki chache vijana wa jirani walikuwa wakipanga foleni chini ya mwembe wetu, wasilipe fedha, bali kila mmoja akimnyoa aliyemtangulia.

Hata chombo mashuhuri kuliko vyote vya ziwa letu chatoa ushahidi huohuo. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilionekana bado yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Waliiponya kwa mikono yao, ndiyo, lakini pia kwa grisi ya waliokuwa maadui wao.

Twaweza sasa kuirudia methali yetu, na sarufi itatusaidia. Kiswahili kina kiambishi -ji- cha kujitendea, na kina kiambishi -an- cha kutendeana. Watu husimulia miaka ile kwa kiambishi cha kwanza: tulijitengenezea, tulijitegemea. Tukikumbuka vema, tutaona kwamba mengi yaliyotuvusha yalikuwa ya kile cha pili: tulitengenezeana, tulifundishana, tulinyoana. Kijana aliyeziba pancha alikuwa ameonyeshwa na mtu jinsi ya kuziba. Tunapoisomesha methali hii darasani, basi, tusiishie kuwaambia wanafunzi kwamba kinyozi hajinyoi. Tuwaulize pia: je, ni nani aliyemnyoa?