Mafunzo Hayakukosekana: Redio za Umma Afrika Mashariki

Redio ya taifa inapolaumiwa kwa upendeleo, dawa inayotajwa kwanza ni mafunzo kwa watangazaji. Historia ya Afrika Mashariki haiungi mkono tiba hiyo ikitolewa peke yake. Taasisi ya Kimataifa ya Habari (IPI) liliendesha kozi Nairobi kati ya 1963 na 1968, zikahudhuriwa na waandishi kutoka nchi kadhaa za Afrika. Tanzania ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari mwaka 1975, ambacho mwaka 2003 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini katika miaka hiyohiyo ya kozi za Nairobi vyombo vyenyewe viliwekwa mikononi mwa serikali: Julai 1964 shirika la utangazaji la Kenya likawa Sauti ya Kenya, na Julai 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam ikawekwa chini ya wizara. Ujuzi uliongezeka, ila aliyeamua utumikeje hakuwa mtangazaji.

Atakayeitetea redio ya serikali ana hoja nzito. Radio Tanzania ilibeba kampeni za elimu ya watu wazima, ikaeneza Kiswahili, na ikawapa vyama vya ukombozi vya FRELIMO, ANC na SWAPO nafasi ya kusema na watu wao waliokuwa chini ya wakoloni na makaburu. Huo ulikuwa utumishi wa umma usio na shaka. Hata hivyo, katika mambo hayo serikali na wananchi wengi walitaka kitu kimoja. Utumishi wa umma hupimwa pale wanapotofautiana, na hapo mtumishi wa wizara hana pa kusimama.

Rwanda ilionyesha kwa gharama ya kutisha kwamba elimu si kinga. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, alikuwa mwanahistoria msomi, na kabla ya hapo aliwahi kuongoza ofisi ya habari ya serikali. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani. Nchini Burundi, kwa upande mwingine, Studio Ijambo, iliyotengeneza vipindi vya redio, iliwaweka waandishi wa Kihutu na Kitutsi kuanzia 1995 katika chumba kimoja cha habari, wakifanya kazi pamoja. Ni kweli kwamba studio hiyo ilianzishwa na shirika la nje, jambo ambalo haliwezi kuwa msingi wa kudumu. Funzo lake ni mpangilio wa kazi, ambao hata shirika la umma linaweza kuuiga.

Ushirikiano wa kikanda nao si mwema kwa jina tu. URTNA, umoja wa redio na televisheni za Afrika ulioundwa 1962, ulirahisisha kubadilishana vipindi, lakini wanachama wake walikuwa vyombo vya serikali. Haukuweza kumkinga mhariri dhidi ya waziri wake. Ushirikiano wenye nguvu ni ule unaoweka kipimo nje ya nchi moja. Tamko la uhuru wa kujieleza Afrika, lililopitishwa Banjul mwaka 2002, lilitaka redio za serikali zigeuzwe kuwa za umma na ziwajibike kwa wananchi kupitia bunge. Wapo wanaosema matamko hayana meno. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilikosoa vifungu vya sheria ya habari ya Burundi, na Machi 2019 ikasema baadhi ya vifungu vya sheria ya huduma za habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kesi hizo hazikuhusu mashirika ya utangazaji ya umma moja kwa moja, lakini zilithibitisha kwamba mwandishi anaweza kudai haki yake nje ya mipaka ya nchi yake.

Kwa hiyo vyuo vya kanda vibadilishane walimu na mitaala, na vifundishe Mkataba wa Jumuiya na hukumu hizo sambamba na uhariri wa sauti. Mabunge nayo yazilinde bodi na bajeti za mashirika ya umma. Bila hilo la pili, tutaendelea kuwafundisha vizuri watu wasioruhusiwa kufanya walichofundishwa.