Monte Bibele: Kijiji kilichohifadhiwa na moto

Monte Bibele ni mlima ulioko kaskazini mwa Italia, katika safu ya Apennini, yapata kilomita 30 kutoka mji wa Bologna. Kati ya mwaka 400 na 200 hivi Kabla ya Kristo, palikuwa na kijiji ambamo watu wa jamii mbili, Waetruski na Wakelti, waliishi pamoja.

Wakelti walivuka milima ya Alpi na kuziteka nchi za Waetruski wa kaskazini mwanzoni mwa karne ya nne Kabla ya Kristo. Historia huwataja kama mahasimu. Nyumba za Monte Bibele zinasimulia habari nyingine.

Nyumba

Wanakijiji waliuchonga mteremko wa mlima kuwa ngazi, kisha wakajenga nyumba zipatazo 40 kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Paa zilikuwa za miti na nyasi. Nyumba zilibanana, zikitenganishwa na vichochoro, na maji yalihifadhiwa katika birika kubwa la mawe lililokuwa mali ya wote.

Kazi za kila siku

Maisha yaliizunguka meko. Humo ndani wachimbaji wamekuta vyungu vya kupikia, mawe ya kusagia na mitungi mikubwa ya akiba. Ngano na shayiri zilikuwa chakula kikuu, pamoja na mazao ya jamii ya maharage.

Vimepatikana pia vidude vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi, na vizito vilivyoning'inizwa kwenye nyuzi za kitanda cha mfumi. Hiyo ni dalili kwamba nguo zilifumwa nyumbani.

Ndoa na makaburi

Ushahidi wa kuchanganyika kwa jamii hizo umo pia makaburini. Katika makaburi zaidi ya 150 yaliyofukuliwa karibu na kijiji, wanaume kadhaa walizikwa na panga ndefu za Kikelti, ilhali baadhi ya vyombo vilichorwa majina kwa maandishi ya Kietruski. Wataalamu wanaamini kwamba jamii hizo zilioana.

Mwisho wa kijiji

Karibu na mwaka 200 Kabla ya Kristo, wakati Warumi walipokuwa wakiwatiisha Wakelti wa eneo hilo, moto mkubwa uliteketeza kijiji na hakikujengwa tena. Mwaka 189 Kabla ya Kristo, Roma iliasisi koloni lake la Bononia, ndiyo Bologna ya leo.

Hata hivyo, moto uliowafukuza wenyeji ndio uliowatunzia kumbukumbu. Punje zilizogeuka makaa hazikuoza, na vyombo vilifukiwa na kifusi pale pale vilipoachwa. Chuo Kikuu cha Bologna kimefanya uchimbaji hapo tangu miaka ya 1970, na vitu vilivyopatikana vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Monterenzio.