Fantasia ya mjini: kutoka riwaya hadi gemu

Fantasia ya mjini ni tawi la hadithi za kubuni ambamo mizimu, waganga na viumbe wa ajabu huishi katika mji wa leo, wenye daladala, soko na kituo cha polisi. Mfululizo wa riwaya za aina hii ukigeuzwa mchezo wa video, au gemu kama wachezaji wenyewe wanavyosema, dunia iliyokuwa ya maneno huwekewa kanuni ambazo mchezaji anaweza kuzijaribu kwa mikono yake. Makala hii inaitazama kazi hiyo kutoka Mwanza na ukanda wa Ziwa Viktoria.

Kinachohamishwa

Riwaya humpitisha msomaji njia moja. Gemu humwachia mchezaji achague pa kupita. Kwa sababu hiyo gemu zilizofaulu hazikung'ang'ania kisa. Metro 2033, riwaya ya Dmitry Glukhovsky iliyochapishwa 2005, inahusu manusura waliojificha katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini Moscow. Kampuni ya 4A Games ya Ukraine ilipoitoa kama gemu mwaka 2010, iliushika kwanza uhaba wake: risasi bora ndizo fedha, na kichujio cha kinyago cha hewa huisha muda. Anayefyatua ovyo anafyatua pesa zake. Gemu za The Witcher, zilizoanza 2007, zilikwenda mbali zaidi: zilichukua dunia na wahusika wa Andrzej Sapkowski wa Poland na kuanzia pale vitabu vilipoishia.

Zau

Kazi iliyo karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili ni Tales of Kenzera: Zau ya Surgent Studios, iliyotoka Aprili 23, 2024. Mwanzilishi wa studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na gemu ilizaliwa na msiba wa baba yake. Haikutokana na riwaya iliyokuwa dukani, ila kitabu kimo ndani yake. Zuberi, kijana wa mji wa kubuni uitwao Amani, anafungua kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake, na humo anakutana na Zau, mganga kijana aliyefiwa vilevile. Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kubwa, naye amrudishie baba. Uganga wenyewe umegawanywa katika vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni cha kupigana ana kwa ana, cha mwezi ni cha kushambulia kwa mbali. Hapa uganga una mpaka, na mchezaji hujifunza mpaka huo bila kuhubiriwa. Gemu ilitoka pia na sauti za Kiswahili, jambo ambalo bado ni adimu kwa gemu inayouzwa duniani kote.

Hazina ya Kanda ya Ziwa

Wa kwanza kutajwa hapa huwa mwandishi Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni riwaya mbili zinazofuatana, zenye msimulizi anayetangatanga katika mahali pa ajabu miongoni mwa wafu na wanafalsafa. Kwa mtazamo wa haraka zinaonekana zinangoja gemu tu. Sivyo. Ndani yake kila unapodhani umeishika sheria ya mahali, inakuponyoka, na huko kuponyoka ndiko kusudi la mwandishi. Msomaji mvumilivu hufurahia. Mchezaji asiyeona kanuni ya kujifunza huweka padi chini.

Kanuni zimejaa kwenye ngoma za Wasukuma. Vyama viwili vikuu vya ngoma hizo, Bagika na Bagalu, hujinasibisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Manju, kiongozi wa ngoma, hutafuta samba, dawa ya mvuto, huku akijikinga na dawa za wenzake. Wachezaji wa kundi la Bagoyangi huingia uwanjani na nyoka hai. Mbuni wa gemu angekuta karibu kila kitu kipo: mahasimu, nguvu zenye kinga yake, na kipimo cha ushindi kinachoonekana kwa macho, yaani umati unaohama upande mmoja kwenda mwingine. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa na padri David Clement miaka ya 1950, yanahifadhi vifaa vya vyama hivi, na sherehe ya Bulabo huvikutanisha hapo mwezi Juni.

Kwa adui wa mwisho yupo Shing'weng'we, zimwi la hadithi za Wasukuma lililomeza watu wote isipokuwa mama mmoja mjamzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, ndiye aliyelipasua tumbo na kuwatoa.

Uzito wa imani

Fantasia ya mjini hutegemea msomaji asiyeamini anachokisoma. Kanda ya Ziwa haimpi mtunzi raha hiyo. Wanawake wazee wameuawa Usukuma kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ambao moshi wa jikoni unatosha kuueleza. Na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Gemu inayompa mchezaji alama kwa kumpiga kikongwe mchawi itakuwa inarudia mashtaka yaleyale, hata ikipambwa vipi kwa mawe ya Mwanza na taa za mtaa wa Kirumba. Kufa maji nako si jambo la kubonyeza kitufe na kuanza upya katika jiji lililozika wahanga wa meli ya MV Bukoba pale Igoma baada ya kuzama kwake Mei 21, 1996. Zau ina somo hapa: mauti ndani yake yana bei, na Kalunga si wa kuchezewa.

Haki za mtunzi

Sapkowski, mtunzi wa The Witcher, aliuza haki za gemu kwa malipo ya mara moja badala ya mgao wa mauzo. Mwaka 2018 aliidai kampuni iliyotengeneza gemu hizo zloti milioni 60, na pande hizo mbili zikaafikiana mkataba mpya Desemba 2019. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayolinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ina pia sehemu ya sanaa za jadi, kwa hiyo kisa cha Masala Kulangwa si mali ya kujiokotea kibiashara. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Anayetaka Mzingile atabisha hodi kwa warithi hadi 2070. Jirani wa Kezilahabi huko Ukerewe, Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka ilitoka 1980 baada ya kungoja miaka 35, alifariki 1981, na ulinzi wa kazi yake unafika 2031.